Skani Haifiki: Namna ya Kuunganisha Mashine ya Fotokopi na Barua Pepe kwa Wateja Wadogo wa Dallas na Houston



Wengi wetu tumezoea kujadili ngeli, methali na arudhi, lakini mkate wa kila siku tunaupata kwingine. Mimi mkate wangu uko kwenye mashine za fotokopi. Nazunguka ofisi ndogo ndogo za Dallas, Irving, Arlington na Fort Worth, na mara moja moja nateremka na barabara ya I-45, maili kama 240 hivi, kwenda kwa wateja wa Houston. Nimeombwa mara nyingi na ndugu wenye biashara zao huku nieleze kwa Kiswahili jambo moja linalowasumbua: mashine inatoa kopi vizuri, inachapa vizuri, lakini ukiskani karatasi uitume kwa barua pepe, haifiki. Basi leo nalieleza, hatua kwa hatua.

Msije mkaliona jambo dogo. Mwenye lori hapa Dallas halipwi na dalali wa mizigo mpaka hati iliyosainiwa na mpokeaji ifike. Mtayarishaji wa kodi anakimbizana na Aprili 15. Wakala wa uuguzi wa majumbani, na hizi ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanazo si haba, anatakiwa kumpelekea daktari mpango wa matibabu ausaini na kuurudisha, la sivyo dai la malipo linakwama. Kwa watu hawa skani isiyofika ni mshahara usiofika. Na mara nyingi wanaambiwa mashine imekufa, wakope nyingine, kumbe mashine haina hata homa.

Mashine si posta

Kwanza tuelewe kinachotokea. Ukiweka karatasi na kubonyeza kitufe, mashine inapiga picha ya karatasi, inaifanya faili (kwa kawaida PDF), halafu inaliambatisha kwenye barua pepe. Mpaka hapo kazi yote ni yake. Lakini mashine yenyewe si posta. Ni kama mtu aliyeandika barua nyumbani: lazima aibebe mpaka posta, na karani wa posta ndiye anayeamua kuipokea au kuikataa. Posta hiyo ndiyo seva ya barua pepe, na lugha ambayo mashine na seva huongea inaitwa SMTP.

SMTP iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982. Siku hizo intaneti ilikuwa kijiji cha watafiti, kila mtu akimjua mwenzake. Seva ilikuwa inapokea barua ya mtu yeyote bila kumuuliza jina. Walipoingia matapeli na wauza dawa za uongo, ikabidi milango ipigwe kufuli, kufuli juu ya kufuli. Mashine nyingi za ofisini zilitengenezwa katikati ya safari hiyo, na hapo ndipo penye shida: kufuli zimebadilishwa, mashine bado imeshika ufunguo wa zamani.

Mabadiliko makubwa yaliyotufikisha hapa ni haya. Mei 30, 2022 Google waliacha kuruhusu akaunti za kawaida za Gmail kufunguliwa na vifaa vinavyotumia jina na neno la siri peke yake. Oktoba 2022 Microsoft wakaanza kuzima mtindo huo huo kwenye barua pepe za biashara, wakauacha mlango wa SMTP kwa muda. Septemba 2024 wakaufunga kwa akaunti za binafsi za Outlook.com na Hotmail. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anaskani miaka mitano bila tatizo, siku moja asubuhi anakuta haiendi, na hakuna aliyegusa kitu. Anaapa kuwa hakuna aliyegusa, na kweli hakuna.

Vitu ambavyo mashine inataka kujua

Kabla sijagusa chochote, naenda kwenye kompyuta ya mteja, nafungua kivinjari na kuandika anwani ya mashine kwenye mtandao wa ofisi. Karibu mashine zote zina ukurasa wake wa ndani: Ricoh wanauita Web Image Monitor, Canon wanauita Remote UI, Kyocera wanauita Command Center. Huko kuandika ni rahisi kuliko kubonyeza herufi moja moja kwenye kioo cha mashine. Halafu nahakikisha haya:

1. Anwani ya mashine kwenye mtandao wa ofisi, na iwe ya kudumu, isiyobadilika kila ruta ikizimwa.
2. Anwani ya ruta, ambayo ndiyo njia ya kutokea nje.
3. DNS, yaani daftari la majina. Hii ikikosekana mashine haijui smtp.gmail.com iko wapi, hata kama neno la siri ni sahihi.
4. Saa na tarehe.
5. Jina la seva ya kutuma.
6. Poti, yaani namba ya mlango.
7. Aina ya usimbaji, yaani jinsi ujumbe unavyofichwa njiani.
8. Jina la akaunti na neno la siri (wengine mnasema nywila, sina ugomvi).
9. Anwani ya mtumaji. Wengi wanaisahau. Seva nyingi hukataa barua ikiwa anwani ya mtumaji si ya akaunti iliyoingia.

Poti nazo zina mambo. Poti 25 ndiyo ya zamani kabisa, seva huitumia kuzungumza na seva nyingine, na kampuni nyingi za intaneti huifunga kwa wateja wa kawaida ili kuzuia taka. Poti 587 ndiyo ya kupeleka barua kutoka kifaa cha mteja. Mazungumzo yanaanza wazi, kisha pande mbili zinakubaliana kuyaficha, na huo ndio mtindo unaoitwa STARTTLS. Poti 465 inaficha tangu neno la kwanza. Ukichagua 465 kisha ukaiambia mashine itumie STARTTLS, zinabaki zinasubiriana kama bibi na bwana walionuniana, na hakuna anayesema neno mpaka muda unakwisha.

Njia ya Gmail

Mteja mwenye Gmail ya kawaida ndiye mwepesi. Namshauri afungue akaunti mpya kwa ajili ya mashine tu, asitumie ya kwake. Kwenye akaunti hiyo tunawasha uthibitisho wa hatua mbili, maana bila huo Google hawatoi kitu kinachofuata: neno la siri la programu. Ni herufi 16 zinazotengenezwa na Google wenyewe. Zinaonyeshwa kwa mafungu manne yenye nafasi katikati, lakini kwenye mashine ziandikwe mfululizo. Seva ni smtp.gmail.com, poti 587 na STARTTLS, au 465 na usimbaji wa moja kwa moja.

Mtego uko hapa: mwenye akaunti akibadilisha neno lake kuu la siri, yale maneno ya programu yote yanafutwa. Mteja anabadilisha Jumapili usiku nyumbani, Jumatatu asubuhi skani haiendi, na hawezi kufikiria kuwa mambo hayo mawili yanahusiana. Mwambieni mapema.

Mteja mwenye domeni yake kwa Google Workspace ana mlango mwingine, smtp-relay.gmail.com. Huo unafunguliwa na msimamizi wa akaunti, na unaweza kuitambua ofisi kwa anwani yake ya intaneti badala ya neno la siri. Sharti anwani hiyo iwe ya kudumu. Ofisi nyingi ndogo anwani yao hubadilika, kwa hiyo muulize kwanza anayewauzia intaneti.

Njia ya Microsoft

Hapa ndipo mafundi wengi wanapochoka. Kuna milango mitatu.

Wa kwanza: mashine inaingia kama mtumiaji, smtp.office365.com, poti 587. Inataka sanduku la barua lenye leseni, na ruhusa ya SMTP iwashwe kwa sanduku hilo. Ulinzi wa msingi ambao Microsoft huuwasha kwenye akaunti mpya za biashara unaizuia ruhusa hiyo, na ndiyo maana unaweza kuandika neno la siri sahihi mara 20 ukakataliwa mara 20. Tena Microsoft wametangaza kuwa neno la siri tupu litaondolewa hata kwenye mlango huu, na ratiba yake imesogezwa zaidi ya mara moja. Kwa mteja mpya simjengei nyumba juu ya mchanga huo.

Wa pili: kutuma moja kwa moja kwenye seva inayopokea barua za domeni ya mteja, kupitia poti 25, bila jina wala neno la siri. Inafaa kama skani zinakwenda kwa wafanyakazi wa ofisi hiyo hiyo tu, nje haziendi. Mwaka 2025 ilijulikana kuwa matapeli wanautumia mlango huu kutuma barua za uongo zinazoonekana zimetoka ndani ya kampuni, na Microsoft wakaleta namna ya kuufunga kabisa. Kwa hiyo ukiukuta umefungwa, usimlaumu mtu. Uliza kwanza kwa nini.

Wa tatu: kiunganishi maalumu kinachoitambua ofisi kwa anwani yake ya kudumu au kwa cheti. Huu unatuma ndani na nje. Ni mzuri, ila unataka msimamizi anayejua anachofanya, na ofisi ya watu wanne mara nyingi haina mtu huyo.

Mashine mpya zimeongezewa njia ya kisasa, OAuth. Hapo huandiki neno la siri kwenye mashine. Unaidhinisha kupitia kivinjari, na mashine inapewa kibali chake. Kama mashine inayo, tumieni hiyo. Kama haina, angalieni kwanza kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya ndani kabla ya kumuuzia mtu mashine nyingine.

Mashine za zamani

Usimbaji nao una umri. TLS ya kwanza ilitoka 1999. Toleo la 1.2 likaja 2008. Mwaka 2021 matoleo ya 1.0 na 1.1 yalistaafishwa rasmi, na seva kubwa zinadai 1.2 kwenda juu. Mashine ya 2009 iliyonunuliwa mitumba mtaa wa Harwin inaweza kuwa nzima kabisa, roli zake nzuri, wino unakolea, lakini haiijui TLS 1.2. Huyo ni mzee anayejua Kiswahili cha zamani tu, na karani wa posta ni kijana.

Dawa zipo, na zote ni nafuu kuliko mashine mpya. Ya kwanza ni programu mpya ya ndani, kama ipo. Ya pili ni huduma ya kupitishia barua, mfano SMTP2GO, inayopokea kutoka kwa mashine na kuzifikisha mbele kwa masharti ya leo. Ya tatu ni kuacha barua pepe kabisa na kuskani kwenda folda ya kompyuta ya ofisini. Ukitumia huduma ya kupitishia, kumbuka kuongeza jina lake kwenye rekodi ya SPF ya domeni ya mteja. SPF ni orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Asiyekuwemo, barua zake zinaishia kwenye taka.

Na tahadhari moja. Mashine za zamani zinaruhusu kutuma bila usimbaji wowote. Usiwashe hivyo kwa ofisi ya hospitali au ya kodi eti kwa sababu "inafanya kazi". Kitu kikifanya kazi hakijawa salama bado.

Hesabu ya ukubwa

Skani nyingine inakwenda, nyingine inarudi. Hapo tatizo si neno la siri, ni uzito. Karatasi ya Marekani ni inchi 8.5 kwa 11. Kwa nukta 300 kwa inchi, unapata 2,550 mara 3,300, yaani nukta 8,415,000. Kwa rangi, kila nukta inachukua baiti 3, jumla kama MB 25 kwa ukurasa mmoja kabla ya kubanwa. Kwa nyeusi na nyeupe tupu ukurasa huo huo ni kama MB 1. Ukipandisha hadi nukta 600, hesabu inazidishwa mara nne, si mara mbili.

Mashine huibana picha, hiyo ni kweli. Lakini barua pepe nayo huongeza uzito, kwa sababu kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi: kila baiti 3 zinakuwa herufi 4. Faili la MB 18 linafika MB 24 likiwa njiani, na kikomo cha Gmail ni MB 25. Kwa hiyo hati za kawaida naziweka nukta 300, nyeusi na nyeupe au kijivu, na rangi iwe ya kuchagua mtu anapoihitaji. Hati za lori, nukta 200 zinatosha.

Kusoma jibu la seva

Usikubali mteja akuambie "imekataa" tu. Chapisha ripoti ya mashine. Seva hujibu kwa namba: inayoanza na 4 maana yake jaribu tena baadaye, inayoanza na 5 maana yake hapana. 535 ni jina au neno la siri limekataliwa. 550 mara nyingi ni anwani haipo au huna ruhusa. 552 ni mzigo mkubwa mno. Kama hakuna namba yoyote, basi mashine haikufika hata mlangoni; rudi kwenye ruta, DNS na poti.

Kwa ndugu wa Houston nasisitiza saa. Umeme wa huku unajua kutoroka. Ulitoroka kwa baridi ya Februari 2021 sehemu kubwa ya Texas, na kwa kimbunga Beryl Julai 2024 wateja zaidi ya milioni 2 wa eneo la Houston walibaki gizani. Umeme ukirudi, mashine yenye betri chakavu inaamka ikidhani ni mwaka mwingine. Vyeti vya usimbaji vina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine ikidhani ni 2010, inakiona cheti cha seva kuwa bado hakijaanza na inakataa kuongea. Iambie ichukue saa kutoka kwenye mtandao, pool.ntp.org au time.nist.gov, na uihifadhi anwani yake kwenye ruta. Hapo unaweza kujiokoa maili 240.

Siri za watu

Mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Neno la siri la bosi lisikae ndani ya mashine. Likiibiwa, mwizi hapati skani tu. Anapata barua zote za biashara, anasoma ankara, kisha anamwandikia mteja kwa jina lako kuwa akaunti ya benki imebadilika. Biashara ndogo haiinuki kirahisi baada ya pigo hilo. Na lile neno la siri la msimamizi lililokuja na mashine kiwandani, libadilishe siku hiyo hiyo.

Ofisi za afya zinabanwa na HIPAA ya 1996, na hapa Texas kuna pia sheria ya HB 300 iliyoanza kutumika Septemba 1, 2012, yenye wigo mpana zaidi. Anwani moja iliyoandikwa vibaya kwenye orodha ya mashine inaweza kupeleka faili la mgonjwa kwa mtu baki. Pitieni orodha hiyo kila mfanyakazi anapoondoka. Tena mashine nyingi kubwa zina diski ndani inayohifadhi picha za hati. Affinity Health Plan ya New York ilirudisha mashine za kukodi bila kufuta diski. Televisheni ya CBS ikanunua mojawapo mwaka 2010 ikakuta taarifa za wagonjwa. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola 1,215,780. Kufuta diski ni kazi inayofanyika kwenye menyu kwa mashine nyingi.

Kabla sijaondoka najaribu mara tatu: skani kwa mtu wa ndani, skani kwa anwani ya nje, na skani ya kurasa 30. Kisha naandika karatasi moja yenye jina la seva, poti, akaunti na tarehe, bila neno la siri, naiacha kwa mwenye ofisi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na fundi atakayekuja baada yangu naye ni mtoto wa mtu.

Wenye istilahi bora kuliko "poti" na "usimbaji", leteni. Wateja wananielewa, lakini natamani waelewe kwa Kiswahili kilichonyooka zaidi.

Wasalaam.